Maiki ya Tatu

Orangeburg, Carolina ya Kusini
26 Juni 1979

Ro shoga yangu,

Nimefika salama, na hilo ndilo jambo zuri pekee nitakalokuambia leo. Saa kumi na nne ndani ya basi, mguu mmoja umekufa ganzi na mwingine unatetemeka kwa hasira. Mama hata kuniaga vizuri hakuniaga. Alinipa kuku wa kukaanga kwenye boksi la viatu, akasema, "Utarudi nitakaposema mimi," akageuka akaenda kazini hospitalini. Yote haya kwa sababu Dada Hortense wa kanisani alipita bustanini akaniona nimeshika maiki, wavulana wamenizunguka. Mbea yule! Angalau angesema kwamba nilikuwa nafoka mistari yangu vizuri, sambamba na mdundo.

Huku kwa Bibi Odessa hakuna king'ora, hakuna treni, hakuna mtu anayemtukana mwenzake dirishani. Nimewafokea kuku wa Bibi mistari yangu yote kumi na sita. Walikimbia. Bibi akatoka barazani na mwiko mkononi akauliza nani anagombana na kuku wake.

Sasa nisikilize, naacha utani. Tarehe 28 Julai ndiyo shindano la kufoka kwenye ukumbi wa shule. Tangu lifti ya jengo letu ilipokufa tumekaa kwenye zile ngazi, wewe, mimi na Mili, miaka miwili tunapangilia sauti mpaka wapangaji wakazoea kupanda huku wanaitikia. Hakuna wasichana waliowahi kuruhusiwa kupanda pale kushindana na wavulana. Sisi Mabinti wa Ngazini ndio wa kwanza, na mimi nipo huku nachambua kunde. Mkishinda, kila Ijumaa mnafungua onyesho kwenye ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, na mimi sipo.

Nakuomba kitu kimoja tu, Ro. Maiki ni tatu: yako, ya Mili, yangu. Msimpe mtu maiki yangu.

Wako,
Netta


Bronx, New York
5 Julai 1979

Netta mfoka-kuku,

Nimecheka mpaka mama akaja kuangalia nina nini. Kuku wa Kusini hawajui muziki, wasamehe.

Mwenzangu, ya jana uliyakosa! Bernie alifungua kile kifuniko cha chini cha nguzo ya taa, akaunganisha nyaya zake, taa ya mtaa mzima ikawa inafifia kila ngoma nzito ikipiga. Unamjua Bernie, dijei wetu asiyecheka: alisimama nyuma ya zile mashine mbili za santuri uso mkavu, vidole vinakimbia. Kisha Mili akachukua maiki. Mili huyu huyu, anayehitaji kreti la maziwa ili aonekane! Vijana wa Umeme, lile kundi la wavulana tunaoshindana nao, wakaanza, "Dogo, mama yako anakuita ukaoshe vyombo." Mili akawaangalia mmoja mmoja. Akafoka mistari ishirini bila kuvuta pumzi, kila mmoja akampa wake, viatu vyake, nywele zake, na dada yake anayemnyoa. Walinyamaza, Netta. Watu wazima waliokuwa wanacheza dhumna waliacha vipande mezani wakasimama. Mzee mmoja alivua kofia. Mimi nilikuwa ubavuni kwake, namjua tangu darasa la pili, na nilimwogopa.

Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo hili ni kubwa kuliko sisi. Sijui nilisemeje. Nilitaka kulia na nilitaka kupiga mtu.

Kuhusu shindano: Bwana Wardell anayesimamia anasema tangazo limeshachapwa, limesema wasichana watatu, basi wapande watatu au asimwone mtu. Amemleta Sherrelle wa ghorofa ya sita. Sauti anayo, ile ya kuuzia samaki. Anasema mistari yako ameshaikariri, maana kila mtu ameikariri:

*Lifti imekufa, mimi napanda na mdundo,*
*Ghorofa ya kumi na nne, nafika kwa kishindo.*
*Mama kanituma mkate, nimerudi na maiki,*
*Uliza mtaa mzima, jina langu halifutiki.*

Usijali. Tutaona la kufanya.

Wako wa ngazini,
Ro


Orangeburg
14 Julai 1979

Ro,

Barua imefika. Safi kwa Mili, mwambie nimempigia makofi hapa jikoni.

Kuhusu Sherrelle, sawa tu. Kwani mimi ni nani? Mpeni maiki, mpeni na fulana yangu ile yenye herufi za kubandika kwa pasi, ingawa kifuani itambana. Mimi nina shughuli zangu huku. Sina hata muda wa kufikiria mambo ya shindano.

Bibi ameniingiza kwenye kwaya. Jumapili nilimwaibisha. Mbele yetu palikuwa na kiti kitupu, juu yake joho limekunjwa vizuri. Wimbo ukaenda ukaenda, ghafla kwaya nzima ikanyamaza, kinanda peke yake kikaendelea. Nikadhani wamesahau maneno, nikacheka kwa sauti. Bibi alinifinya, alama ninayo mpaka leo. Kumbe hapo ni mahali pa Mama Eula anapoimbaga peke yake, na Mama Eula amelazwa. Akiugua mtu, kiti chake hakikaliwi na sehemu yake haiimbwi na mwingine. Kinanda kinampigia tu mpaka ipite, kisha wanaendelea. Na Bibi anarekodi yote hayo kwenye kinasa sauti cha kanisa, Jumatatu anawapelekea wagonjwa wasikilize. Mambo ya huku, mwenzangu!

Haya, fokeni vizuri. Mimi wala sijali.

Netta


Bronx
30 Julai 1979

Netta,

Tumepanda. Watu mia tatu, ukumbi umejaa mpaka wengine wamekaa juu ya pete ya mpira wa kikapu, sijui walifikaje. Mikono ilikuwa inanitoka jasho mpaka maiki ikawa inateleza.

Sitakuambia zaidi. Nikiandika nitaharibu. Haki ya Mungu, sijawahi kuona watu wakitutazama vile. Bernie alirekodi kila kitu, nikamlazimisha akunakilie kaseti, naye unajua alivyo mchoyo na kaseti zake. Ndiyo hiyo ndani ya bahasha. Tafuta mahali patulivu, uisikilize kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukifika sehemu yako utaelewa mwenyewe.

Niandikie haraka. Nataka kujua ulifanya uso gani.

Ro


Orangeburg
6 Agosti 1979

Rochelle,

Nimeelewa, kama ulivyosema.

Niliisikiliza ndani ya gari la Mjomba Thaddeus, maana ndilo pekee hapa lenye kicheza kaseti. Nilifunga vioo vyote kwenye joto hili. Ukaanza wewe, na nitasema kweli hata kama nimekasirika: nywele zilinisimama. Akaja Mili, nikapiga dashibodi kwa ngumi. Nikajua sasa zamu yangu, angalau nimsikie huyo Sherrelle anavyoniua. Halafu mara mko wote wawili mnafoka mstari wa kumalizia.

Mmepita tu. Mili kamaliza, mnaaga. Hata Sherrelle hayupo. Hata mtu wa kuiharibu mistari yangu hamkumtafuta. Mmeikata Mabinti wa Ngazini ikawa ya watu wawili, na imekaa vizuri kabisa, laini, haina hata kovu. Watu wanashangilia. Hakuna aliyeuliza, yule wa tatu yuko wapi?

Nilikudanganya niliposema sijali. Najali mpaka nashindwa kula. Kila siku nilikuwa nafanya mazoezi nyuma ya banda, ili nikirudi nisiwe nimerudi nyuma hata hatua moja. Niliomba kitu kimoja tu.

Msinitumie kaseti nyingine. Na mistari yangu msiiguse, ni yangu.

Darnetta Grimes


Bronx
11 Agosti 1979

Netta, we mtoto, kaa chini kabla hujasoma.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, ikabidi nikae kwenye ngazi. Nikampa Mili. Mili akaisoma, akapanda ghorofa tano bila kusema neno, akagonga kwa Bernie kwa mguu.

Kumbe ndiyo hivi. Bernie ana ugonjwa wa madijei. Kaseti ya kufoka, anasema, haitakiwi kuwa na shimo, ngoma tupu bila sauti ya mtu. Alipokuwa anakunakilia alifika pale kwenye shimo, akabonyeza kitufe cha kusimamisha, akaachilia tulipoanza kuaga. Alidhani anakutengenezea kitu kisafi! Tena alikuwa anajisifu: "Umesikia mshono? Hakuna mshono." Mkono wake ni mzuri kupita kiasi, ndilo kosa lake. Nilitaka kumtupia santuri zake dirishani, na yeye alipoisikia barua yako alikaa juu ya kitanda akalia. Bernie! Sikujua kwamba ana machozi.

Sasa nikuambie kilichokuwa kwenye hilo shimo.

Wazo lenyewe limetoka kwako. Kile kiti cha Mama Eula. Nilimsomea Mili barua yako, tukatazamana, basi. Sherrelle tulimwambia hapana siku ile ile, akatutukana mpaka ghorofa ya sita. Bwana Wardell tukamwambia tuko watatu kama alivyochapa. Tukapanda na maiki tatu kwenye vyuma vyake. Ya tatu tuliivalisha fulana yako, jina lako mgongoni, tumeipiga pasi upya.

Mili alipomaliza tukarudi nyuma hatua mbili. Bernie alijua, tulishampanga, akaacha ngoma iende yenyewe. Mistari kumi na sita, Netta, yote, tuliihesabu kwa vidole. Mwanzo watu walidhani umeme umeleta matatizo. Vijana wa Umeme wakaanza, "Wamesahau! Wamesahau! Warudi jikoni!" Kukawa na kicheko. Halafu mwanamke mmoja huko nyuma, simjui, akapaza sauti, "Nyamazeni, kuna mtu hapo!" Wakanyamaza. Watu mia tatu wakaikazia macho ile fulana, ngoma inapiga, hakuna anayecheza. Sijawahi kusikia watu wengi hivyo wanakaa kimya kwa ajili ya mtu.

Na jambo moja sikukuambia. Tulishindwa. Bwana Wardell aliinua mkono juu ya kichwa cha kila kundi, watu wapige kelele, na wavulana walipigiwa zaidi. Mmoja wa wasaidizi wake alituambia waziwazi, "Mngeijaza ile nafasi, kombe lilikuwa lenu." Ijumaa za ukumbini zimeenda kwa wavulana. Sikutaka ujue, usije ukajilaumu. Nilikuwa najua gharama yake kabla hatujapanda, na Mili alijua. Tungeulizwa tena leo, tungeiacha wazi tena.

Ndani ya soksi hii ni kaseti yenyewe, si nakala. Bernie ameitoa kwa mkono wake. Isikilize kwa makini: kwenye shimo, mbali na maiki, mimi na Mili tunasema mistari yako polepole. Ilikuwa haiwezekani kutoisema.

Ro wako yuleyule


Orangeburg
19 Agosti 1979

Ro, na Mili, na hata Bernie,

Nisameheni. Nimeandika neno hilo mara nne nikachana karatasi, sasa naliacha.

Soksi ilifika Alhamisi. Sikufunga vioo safari hii. Nilifungua milango yote ya gari la Mjomba nikakaa chini kwenye nyasi. Wewe, Mili, kisha ngoma peke yake. Nikasikia wale wanaocheka. Nikasikia yule mwanamke. Halafu ule ukimya, jamani, na chini yake kabisa sauti zenu mbili zinanong'ona, "Lifti imekufa, mimi napanda na mdundo." Nilifunika uso kwa gauni. Mimi? Haya yote kwa ajili yangu mimi, niliyefeli hesabu?

Nilipoinua kichwa, Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu na bakuli la karanga za kuchemsha. Nikajua leo nimekwisha. Bibi hataki hata redio siku za kazi. Alisikiliza mpaka mwisho, karanga zinapoa. Kisha akauliza, "Hapo palipokaa kimya, ni nani anaumwa?"

Nikamwambia, "Hakuna anayeumwa, Bibi. Hapo ni pangu."

Akasema, "Wamekuachia kiti." Akatua bakuli juu ya boneti, akaingia ndani. Nikadhani amekwenda kulia au kutafuta fimbo. Akarudi na kinasa sauti cha kanisa, kile ambacho hata mchungaji akikitaka anaomba. Akakiweka kwenye boneti, akapuliza vumbi. "Rudisha mwanzo," akasema. "Watu hawaachiwi nafasi ili wakae chini kwenye nyasi."

Basi nimefoka, mwenzangu. Gari linapiga kaseti yenu, kinasa kinachukua, na shimo lilipofika niliingia. Mistari yote kumi na sita. Sauti ilinitoka, sikujua imetoka wapi, nadhani ilikuwa imejikusanya tangu Juni. Kuku walikuwepo, hawakukimbia. Mwisho kabisa mtasikia sauti nyingine. Nilitaka kuifuta. Bibi amekataa.

Nawatumia. Fanyeni mtakavyo.

Netta

*Kwa Rochelle na mwenzake. Mimi ni bibi yake Darnetta. Maneno yenu yanakimbia sana kwa masikio yangu, nusu sikuyapata. Hilo la kiti nimelipata lote. Mungu awaweke. Kuleni, mnasikika wembamba. — Odessa Grimes*


Bronx
26 Agosti 1979

Netta,

Naandika mbiombio, utasoma hivyo hivyo.

Jana tulikuwa bustanini. Bernie aliunganisha nguzo. Tukaweka maiki tatu, ya tatu ikiwa na fulana yako kama kawaida, maana sasa ndivyo tunavyopanda, na watu wameshazoea, wakifika wanauliza, "Netta hajambo?" Nikafoka mimi, akafoka Mili. Tukarudi nyuma. Watu wakanyamaza wenyewe, hakuna aliyewaambia.

Ndipo Bernie akasogeza kinasa chake mbele ya maiki ya tatu akabonyeza.

Netta! Ulitoka kwenye zile spika ukubwa wa jengo. "Lifti imekufa!" Watu waliruka. Wengine waligeuka kutafuta umejificha wapi. Mtoto mmoja alikwenda akachungulia chini ya fulana. Hakuna aliyecheza, shoga, walisimama midomo wazi, na wewe unapanda ghorofa kwa ghorofa. Hata Vijana wa Umeme walikuwepo, na yule mrefu wao aliyepiga kelele "Wamesahau" aliweka mikono kichwani hakuitoa. Ulipofika "jina langu halifutiki" Bernie, huyo huyo Bernie, alitupa kofia juu. Na baada yako, katikati ya ukimya, kikongwe wa Kusini akasema kwa sauti nzito, taratibu: "Amina."

Bustani nzima ikajibu, "AMINA!" Watu mia mbili. Wacheza dhumna. Mama yake Mili, ambaye hajui tunafoka nini. Bernie akairudisha, ikasemwa tena, ikajibiwa tena. Watu wanauliza bibi anajiunga lini.

Sasa hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mstari wa kwanza. Kwenye uzio, upande wa barabara, mama yako alikuwa amesimama na sare yake ya hospitali, anatoka kazini, mfuko wa viazi mkononi. Sijui alianza kusimama lini. Nilimwona ile "Amina" ya pili. Ni sauti ya mama yake, Netta. Hajaisikia tangu Krismasi, na sasa inamjia kwenye spika za Bernie, inaitikia mistari yako. Viazi vilimdondoka. Mili akakimbia kuviokota, akampelekea vyote, akamkuta anajifuta macho kwa kofia ya kazi.

Nikaenda na mimi. Nikasema, "Shikamoo, Mama Grimes." Alikuwa anaitazama ile maiki iliyovaa fulana yako. Akauliza, "Hapo huwa hasimami mtu?"

"Hapana, Mama. Ni pake."

"Hata siku ya shindano?"

"Hata siku ile."

Akavipanga viazi vyake mfukoni, kimoja kimoja. Kisha akasema, "Mwandikie. Mwambie nimesema, arudi."

Ro